Kengele Iliyompa Mwokaji Cheo

Asubuhi Morwenna Nance alipoondoka mji mdogo wa Torpoint, ukingoni mwa mto, kwenda kujiunga na jeshi la majini, akiwa na miaka kumi na minane na begi zito kuliko yeye mwenyewe, baba yake Hedley alimmiminia chai, akaifunika kwa kisahani, akasema, "Iache hapo hapo. Utarudi kabla haijapoa."

Chai ikapoa. Ikapoa miaka ishirini na miwili. Morwenna akatapika kila bahari aliyopelekwa, akazoea, akajifunza rada na ramani, akapanda cheo baada ya cheo hadi akawa Luteni Kamanda, na akakabidhiwa manowari yake mwenyewe, Penhallow, meli ndogo ya kusaka mabomu yaliyotegwa chini ya maji. Na kila aliporudi likizo, Hedley alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale: "Umerudi? Ngoja nikuangalizie chai kama bado ina moto."

Morwenna alicheka, maana utani wa mzazi hauna dawa nyingine. Lakini ndani ya kicheko kile kulikuwa na kijiwe, kama kwenye wali uliochambuliwa haraka. Hedley naye alikuwa mtu wa jeshi hilo hilo, aliyekuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia sitahani, kwa miaka thelathini, tangu enzi ambazo mwanamke hakupanda manowari ila siku ya sherehe, na kofia yake ya maua. Hakuwahi kusema hataki binti yake aende baharini. Lakini hakuwahi kusema anataka.

Akiwa na miaka arobaini, Morwenna akapata mtoto, Elowen. Mtoto wa baharia katika bandari ya jeshi, ng'ambo ya mto, hubatizwa melini: kengele ya meli hupinduliwa, ikatiwa maji, ikawa ndiyo birika la ubatizo, kisha jina la mtoto na la mzazi wake baharia huchongwa ndani ya kengele, yakakaa humo maisha yote. Jina la Morwenna lilikuwa katika kengele ya meli ya zamani ya Hedley. Utotoni alidhani kila mtoto duniani ana kengele yake.

Na mchongaji wa majina yale, tangu astaafu, alikuwa Hedley, katika kibanda chake nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo alichotaka Morwenna kilikuwa kidogo tu. Ijumaa baada ya ubatizo angekabidhi Penhallow kwa kamanda mwingine. Kabla ya hapo alitaka mstari mmoja kwenye shaba, kwa mkono wa baba yake, unaosema yeye ni nani.

Ubatizo ulifanyika Jumapili. Elowen, mwenye miezi minane, alimnyang'anya kasisi miwani akaitumbukiza kwenye maji matakatifu, ikabidi miwani ibarikiwe kwanza. Baba yake, Denzil Pascoe, mwokaji wa mikate, alishika nguzo muda wote japokuwa meli ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba sita. Denzil alikuwa mtu wa kutapika hata kwenye pantoni ya Torpoint, ambayo huvutwa kwa minyororo na kuvuka mto kwa dakika kumi.

Jumatano kengele ikarudi kutoka kwa Hedley, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni. Serahangi Biddick, mwanamume mwenye masharubu ya kujivunia, aliitundika, akalala chali chini yake na tochi ili asome. Akasoma. Masharubu yakaanza kutikisika.

"Afande," alisema, bado amelala, "samahani kwa kuuliza. Mumeo amepandishwa cheo lini?"

"Nani?"

"Njoo ujionee, Afande."

Kamanda akajilaza sitahani kando ya serahangi wake. Maandishi yalikuwa mazuri, safi, ya mkono uleule uliomfundisha kuandika: *Elowen, binti wa Luteni Kamanda Denzil Pascoe.*

Kufika saa sita mchana, hata mpishi alishajua. Denzil alipofika gatini na kreti la mikate, alikuta mabaharia wamejipanga mistari miwili, wote wakimpigia saluti.

"Afande! Mikate imewasili, Afande!"

"Jamani, acheni. Mimi mwokaji."

"Mnaona? Mkubwa kweli hajisifu."

"Tunang'oa nanga saa ngapi, Afande?"

Denzil akatazama maji yanavyopanda na kushuka, rangi ikamtoka. "Hatung'oi," alisema. "Hiyo ni amri."

Walicheka mpaka kreti likaanguka. Morwenna akacheka nao, kwa kuwa kamanda asiyecheka na watu wake huchekwa peke yake. Kisha akaingia chumbani mwake, akafunga mlango, na kicheko kikaisha. Denzil akamfuata.

"Ni kosa tu, Wenna."

"Ni kosa la nini? La mkono, au la moyo? Miaka ishirini na miwili nasubiri aseme neno moja. Sasa ameliandika, na si langu."

"Basi kamuulize."

"Nikamuulize nini?"

"Makubwa! Unaongoza watu arobaini wanaotafuta mabomu, unamwogopa mzee mmoja mwenye patasi?"

"Bomu halinitanii," alisema Morwenna.

Hata hivyo alikwenda. Mtoto alibaki na baba yake, na kengele, kwa uzito wake, ikapakiwa kwenye gari la mtoto na kufunikwa blanketi la sufu. Kwenye pantoni kila gari lilipotikisika kililia kidogo kitu humo ndani, *ding*. Bibi mmoja akainama kuchungulia.

"Ana rangi nzuri," alisema kwa mashaka.

"Amefanana na babu yake," alijibu Morwenna.

Hedley alifungua mlango. "Umerudi? Ngoja nikuangalizie chai..."

"Baba, leo acha chai." Akavuta blanketi. "Soma."

Mzee hakuwa amevaa miwani. Akaingiza mkono ndani ya kengele, akasoma kwa ncha ya kidole, herufi moja moja, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani. Kidole kikafika mahali, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda tena.

"Ee Mungu wangu," alisema.

Wakaenda kibandani. Karatasi ya Morwenna bado ilikuwa imening'inia kwenye msumari, kila kitu kimeandikwa wazi: mtoto, mama na cheo chake, baba. Hedley akavaa miwani iliyokuwa mezani, akaisoma karatasi kana kwamba ameiona leo.

"Nimechonga zaidi ya majina mia mbili," alisema polepole. "Cheo, jina la baba. Cheo, jina la baba. Mkono ukishafika kwenye 'binti wa', unajiendea wenyewe, kama punda anayejua zizi lake."

"Mkono tu?"

Hedley alijua anaulizwa nini. Akachukua patasi, akaifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Ile chai," alisema. "Unajua ilikaa pale mezani siku ngapi? Siku tisa. Ikaota ukungu. Mama yako akasema ama chai itoke, ama yeye. Niliposema utarudi, haikuwa kwa kuwa nilidhani utashindwa, Wenna. Nilisema kwa kuwa nilitaka urudi. Halafu ukawa unarudi, na kila mara una mstari mmoja zaidi wa cheo kwenye mkono wa koti, nami sina maneno mengine niliyojifunza."

Morwenna alichukua kitambaa kile kile akafuta kengele, ingawa nayo ilikuwa safi.

"Sasa futa kosa lako," alisema baadaye, sauti ikiwa imelainika.

"Halifutiki. Nikisaga, shaba itakuwa nyembamba pale, kengele itakohoa badala ya kulia. Na hapo juu yupo mtoto wa mhandisi, nitamkwaruza." Akatazama tena karatasi ya binti yake. Katika jina la Elowen, Morwenna alikuwa ameruka herufi moja kwa haraka zake, akaweka kialama kama kipaa kidogo cha nyumba, na juu yake akaiandika herufi iliyosahauliwa, kama mtoto wa shule. Hedley akakigusa kipaa kile. Akatazama kengele. Akaanza kutabasamu.

"Kipaa kama hiki kitatosha. Lakini kila atakayeinama ataona kwamba nilikosea," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Leo na kesho na keshokutwa."

"Shaba haina haraka."

"Huna huruma wewe. Haya, shika tochi."

Akashika tochi. Mzee akachonga hadi adhana... la, si adhana, huko ni kengele za kanisa. Akachonga hadi zilipogonga kumi na moja jioni. Kati ya cheo na jina la mwokaji akaweka kipaa, na juu yake, kwa herufi ndogo zenye kujitahidi: *Morwenna Nance na*. Ikasomeka vizuri kabisa: Elowen, binti wa Luteni Kamanda Morwenna Nance na Denzil Pascoe.

Ijumaa Penhallow ikakabidhiwa. Kamanda mpya akalala chini ya kengele na tochi, kama desturi inavyotaka.

"Serahangi, hiki kipaa ni cha nini?"

"Hapo, Afande," alisema Biddick, "ndipo babu aliporudi kumchukua binti yake."

Gatini mabaharia walimpa Denzil mkono wa pole kwa kushushwa cheo. Naye akawagawia mikate ya zafarani, akasema hajawahi kufukuzwa kazi kwa furaha namna hiyo.

Jioni ile Morwenna, akiwa na Elowen, alipita Torpoint kuaga. Majira ya kuchipua angepanda meli kubwa zaidi, na kabla ya hapo kulikuwa na kozi ya miezi mitatu, mbali. Hedley akamimina chai. Morwenna akatafuta kisahani kwa macho, akijiandaa kucheka.

Kisahani hakikuwapo. Mzee alikuwa ameketi mbele yake, amemshikilia Elowen gotini asije akatia mkono kwenye kikombe.

"Inywe yote, Kamanda," alisema. "Hii siiachi mezani."