Mlima wa Pili

Soksi ilikuwa ya mtoto, ya buluu, na ndani yake mlikuwa na kitu kigumu kilichozungushiwa selotepu mara nne. Afisa wa wanyamapori aliikata taratibu kwa mkasi wa kucha, kama mtu afunguaye bandeji ya kidonda, akamweka kobe juu ya meza ya chuma. Kobe hakutoa kichwa. Alikuwa mdogo, hajazidi kifuu cha nazi, na ndiyo maana waliomjua walimwita kobe-kifuu.

"Mia moja na sita," afisa alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. "Masanduku mawili, abiria mmoja, naye anasema alipewa abebe tu. Walio hai ni sabini na wawili. Tumekuita utuambie ni kobe gani, tupate cha kumshtakia."

Macho ya mtafiti yalikuwa yamenasa kwenye ukingo wa gamba. Upande wa kushoto mapengo manne, upande wa kulia moja, yamekatwa kwa tupa na mkono uliokuwa ukisitasita kwa kuogopa kuumiza. Mkono wenyewe aliujua. Ulikuwa wake.

"Huyu ni arobaini na moja," alisema, na sauti ilimtoka kama ya kuazima.

Alikuwa amemkuta mara sita katika miaka minane, kila mara chini ya jabali lile lile, kama mpangaji asiyependa kuhama. Akaifungua soksi ya pili mwenyewe. Kumi na tisa. Ya tatu ilikuwa na themanini na tano, amekufa. Alipofika ya kumi aliweka mkasi chini.

"Hizo alama nani mwingine anazijua?" afisa aliuliza.

"Mimi na wasaidizi wangu wawili. Na kila aliyesoma makala yangu."

Makala ile ilikuwa fahari yake. Ilitoka katika jarida kubwa, na ukurasa wake wa nne ulikuwa na ramani: mlima mmoja wa mawe, mto mkavu ubavuni, na nukta nyeusi kila alipookota kobe. Wenzake walimpongeza kwa uwazi wake. Mtu wa sayansi hafichi, alikuwa akiwaambia wanafunzi. Anayeficha ni mganga wa uongo. Hakuwahi kufikiri kwamba mwizi naye anajua kusoma.

Siku nne baadaye alipita kwa mama yake, kama alivyozoea kila Ijumaa mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, kichwa nyuma, anajifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Mwenzako wa kazini alikuja kunijulia hali," mama alisema. "Kijana ana adabu huyo. Nikasema, hatimaye Mungu kajibu, mchumba kaja na miguu yake. Kumbe anatafuta habari za kobe."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Kaniletea dawa ya macho, ile ile niliyokosa kule zahanati, na jina lake na simu kaviandika kwenye boksi. Kasema nikwambie amependa sana ulichoandika, na kwamba anausubiri ule mlima wa pili."

Katika makala mtafiti alikuwa ameutaja mlima wa pili kwa sentensi moja tu; mahali ulipo palikuwa kwenye daftari moja, na daftari lilikuwa ndani ya mkoba uliokuwa begani mwake.

"Dawa umeshaitia?"

"Jicho moja. Mbona uso umekusawijika hivyo?"

Hakungoja. Alimpakia mama kwenye teksi wakaenda hospitali, mama akinung'unika njia nzima kwamba kuwa na mtoto msomi ni adhabu. Daktari alilichunguza jicho, akaisoma chupa, akainusa, akaituma maabara. Jibu likaja kuwa ni dawa halali, nzuri, ya bei mbaya. Hakuna kilichoongezwa. Mama alicheka. Mtafiti aliketi kwenye benchi la korido. Sumu angeielewa. Huyu alikuwa amejua kwamba mama anaumwa macho, amejua ni dawa gani iliyokosekana, na alitaka tu ijulikane kwamba anajua.

Afisa aliandika maelezo kurasa tatu. "Jina alilotoa si jina, na simu aliyoacha imezimwa," alisema. "Nitafuatilia. Lakini nikikuahidi ulinzi nitakuwa nakudanganya. Tuko watu saba, na gari letu moja liko juu ya mawe."

Jioni ile mama alihamia kwa bintiye, pamoja na kiti chake.

Mtu mwenyewe alikuja chuoni Jumanne, saa nne asubuhi, wanafunzi wakipishana koridoni na mtu wa usafi akipiga deki mlangoni. Alibisha hodi, akangoja aitikiwe. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Mkononi alikuwa na makala, imechapishwa na kubanwa vizuri, na kila aya muhimu imepigiwa mstari kwa penseli ya kijani na rula.

"Shikamoo, mwalimu. Sitakupotezea muda."

Hawakuwa wamepishana hata miaka mitano. Aliitikia bila kujua anaitikia. Katika maisha yake yote ya uandishi hakuwahi kupata msomaji makini namna hii.

"Hapa mwisho," mgeni alisema, akigeuza kurasa, "umeandika kwamba uchunguzi unaendelea katika mlima jirani. Nimejiuliza, jirani upande gani? Maana huko milima ni mingi."

Kwa mbali mtafiti alisikia ndoo ikiburutwa. Angeweza kupiga kelele, na watu wangekuja, wakamkuta bwana mstaarabu ameshika makala ya kisayansi. Angemshtaki kwa kosa gani? Kusoma?

"Hakuna kitu," alisema.

"Samahani?"

"Mlima wa pili. Tulitafuta siku kumi na tisa, watu watatu. Hatukupata kobe hata mmoja."

Yule mtu alimtazama kwa utulivu, kama fundi saa anayesikiliza mdundo. Mtafiti alijilazimisha kutoangalia mkoba uliokuwa chini ya meza. Alijilazimisha mpaka shingo ikamuuma.

"Pole sana," mgeni alisema mwishowe. "Mama macho yanaendeleaje?"

"Vizuri."

"Alhamdulillahi. Basi andika hivyo hivyo, mwalimu, kwamba hakuna. Tutasoma. Wewe huandiki uongo, ndiyo sababu tunakupenda."

Akaondoka, akaruka deki kwa uangalifu asiichafue.

Ukweli ni kwamba katika mlima wa pili mtafiti alikuwa ameona kobe sitini na watatu. Kwa wiki mbili aliikwepa ile sentensi ya uongo. Kisha akaiandika katika makala yake mpya: *Katika mlima jirani hakuna kobe aliyeonekana.* Maneno sita tu, na kila moja lilimtoka kama jino. Daftari alilichana ukurasa baada ya ukurasa, akaloweka karatasi kwenye beseni la kufulia mpaka zikawa uji.

"Miaka mitatu ya mradi, halafu sifuri?" mkuu wa idara alimuuliza. Alikuwa amemwandalia barua ya kupandishwa cheo, na sasa aliirudisha kwenye droo.

"Sifuri nayo ni jibu."

"Ni jibu, ndiyo. Ila mlima usio na kitu hauna mlinzi. Wakija wapasua mawe tutawazuia kwa nini?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alitoka ofisini kwa mkuu akiwa na hofu mbili badala ya moja, na hofu mbili haziliwazani. Watu wa masanduku wakiamini uongo wake, kobe watapona. Na watu wa baruti wakiuamini, kobe watakufa. Hakumwambia afisa. Hakumwambia mama, ambaye alishaona kwamba binti yake hufunga dirisha hata kukiwa na joto, na alishaacha kutania habari za wachumba.

Mwaka ukapita hivyo. Alibadili njia ya kwenda kazini kila baada ya siku mbili. Kila mtu aliyemsifu kwa maandishi yake alimtia baridi. Yule mtu hakurudi, na kutorudi kwake hakukumpa raha, kwa kuwa hakujua kama aliaminiwa au ameachwa tu akomae.

Kisha mchana mmoja mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu, binti mwembamba asiyesema sana darasani, alibisha hodi. Viatu vyake vilikuwa vimeisha soli. Alisimama katikati ya chumba, hajui aanzie wapi.

"Mwalimu, usikasirike. Nilisoma ile makala yako ya pili ya kobe, nikaona siku kumi na tisa ulizotafuta zilikuwa za kiangazi. Nikasema labda walikuwa wamejificha. Nilizunguka mwenyewe milima yote ya jirani likizo hii, mvua ilipoanza."

Akatoa simu. Kwenye kioo kulikuwa na kobe-kifuu, gamba limelowa, ukingo wake mzima bila pengo. Akatelezesha kidole. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kisha ramani, na nukta nne nyekundu.

"Wapo," binti alisema, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa furaha ambayo mtafiti aliikumbuka vyema. "Nimeshaanza kuandika."

Mtafiti alimtazama usoni, akatafuta adabu iliyozidi, akatafuta mstari wa penseli ya kijani, akaona aibu kwa kutafuta.

"Umemwonyesha nani?"

"Bado. Nilitaka uwe wa kwanza."

Koridoni palikuwa na vicheko vya wanafunzi waliokuwa wakitoka darasani. Mtafiti alinyanyuka, akafunga mlango. Kisha akavuta kiti cha wageni, akakileta upande wake wa meza, kando ya kiti chake.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Zima simu kwanza. Kuna sentensi moja niliiandika, nataka nikueleze nilivyoiandika."