Baba Alipopokea Jino

Mdogo wangu Makereta anapika, mimi nashika simu. Ndiyo kazi yetu. Watu laki mbili wanamfuata mtandaoni, wengi wao Wafiji wenzetu walioko Sydney na Auckland wanaolilia majimbi ya kwao, na wote wanamjua yeye. Mimi wananijua kama kivuli kinachopita ukutani. Sina kinyongo, nasema tu ilivyo.

Mwaka huu kampuni moja ilikuja kutaka mchanga mweusi wa kwenye mdomo wa mto wetu. Chifu akakubali. Mashine zikiingia, chaza wa mtoni wamekwisha, na wanawake wa kijiji hiki wanaishi kwa kupiga mbizi kuwatafuta chaza hao. Serikali ikasema Alhamisi itakuja kusikiliza maoni. Maoni ya wanawake yanavyosikilizwa, sina haja ya kueleza.

Jumatatu akaja Vasiti, binti wa shangazi yetu. Kwetu binamu wa upande huo ni mtani, ana ruhusa ya kukusema atakavyo, na Vasiti hajawahi kuiacha ruhusa hiyo ipumzike.

"Hodi humu kwa malkia! Hee, rangi ya mdomo yote hiyo unampakia nani, muhogo?"

"Pita ule, mdomo mrefu wewe," Makereta akamjibu, anakuna nazi.

"Nile nini, na chaza ndio hao wanaondoka? Kereta, sikia. Juzi umepika chaza, watu wamekusifu mpaka basi. Umewaambia wametoka mto gani? Umewaambia mto wenyewe utachimbwa?"

"Wale hawanifuati kwa siasa, Vasiti. Mtu ametoka kazini kufagia hospitali ya watu, anataka acheke kidogo, akumbuke kwao. Mimi nimletee chifu na mashine?"

"Ndiyo, mletee! Sisi tukisema anatusikia nani? Mbuzi. Ukisema wewe, wale wakubwa wakifika Alhamisi watakuta dunia nzima imeshawauliza."

"Kwani mimi nilichaguliwa na nani? Mimi mpishi tu."

"Hukuchaguliwa na mtu. Ulifundishwa. Chaza wa kwanza kumfungua, mkono uliokuonyesha ni wa mama yangu. Na mama yangu yumo mtoni sasa hivi, maji yamemfika hapa." Vasiti akajishika shingo. Hakuwa anatania tena.

Siku mbili Makereta alipika ovyo, chumvi mara mbili, mara hakuna. Jumatano asubuhi akaniambia, "Dada, washa simu."

Alikaa mkekani bila kujipaka chochote, akasema kwa dakika nne. Aliutaja mto. Alimtaja chifu kwa cheo chake. Aliwaomba watu wake waiandikie serikali kabla ya kesho. Mimi niliiegemeza simu kwenye kopo la unga, nikamsikiliza. Kilichobaki ni kupanda nyuma ya kanisa, kwenye mtandao mzuri, tuitume.

Tulipotoka tukamkuta baba barazani na msemaji wa chifu.

Miaka kumi na moja nyuma, mpwa wa chifu alinitorosha bila mtu kumwambia baba neno. Kwa mila, watu wake walipaswa kuja na jino la nyangumi kuomba msamaha. Hawakuja. Nilirudi nyumbani baada ya miaka miwili na begi moja, bado hawakuja. Baba hakulitaja jambo hilo hata siku moja, ila kila alipokohoa mtu mlangoni, baba alikuwa anaweka msuli wake sawa.

Msemaji alikuwa amepiga magoti, jino mikononi. "Tumekuja kwa ajili ya Unaisi," alisema. Unaisi ni mimi. "Tulikosa. Tulimchukua binti wa nyumba hii kama kuku wa njiani."

Anayeletewa jino husubiri maneno yaishe. Baba amewafundisha wengi hivyo. Siku ile hakusubiri. Mikono yake ilitangulia, ikalichukua jino, akalibusu. Na msemaji, bila kuinua kichwa, akamalizia: "Na jino hilo hilo linaiomba nyumba hii inyamaze juu ya mto."

Jino likishapokelewa, lililoombwa limetolewa. Kulirudisha ni kumtukana chifu, na baada ya hapo baba asingekuwa na pa kukaa kijijini. Nilimwona uso ukimbadilika alipoelewa. Kisha akaniona mimi, na macho yakamjaa machozi.

"Unaisi, wamekuja," akasema. "Umewaona, mwanangu? Wamekuja."

Makereta akanivuta jikoni. "Walijua tutasema, kijiji hiki hakina siri. Miaka kumi na moja njia wanaijua, waje leo?" Akanitia simu kiganjani. "Msamaha ni wako. Ukitaka niitume, napanda kanisani naituma sasa hivi. Ukitaka ifutwe, ifute. Mimi siwezi kuamua, Dada. Siwezi."

Nilimchukia. Yeye mwenye watu laki mbili, ananitupia mimi nisiye na hata mmoja. Barazani baba alikuwa ameanza hotuba ya kupokea, na alikuwa analitaja jina langu, jina ambalo hakulitaja mbele za watu tangu nilipoondoka. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Nilimfikiria shangazi yangu ndani ya maji, naapa kwa Mungu nilimfikiria, lakini nilikuwa nimesimama pale natega sikio, nataka kumsikia baba mpaka mwisho.

Nikaifuta. Simu ikaniuliza kama nina hakika, nikaiambia ndiyo.

Makereta hakunigombeza. Nilitamani anitukane. Aliwasha jiko, akawatia chaza kwenye tui, maana mgeni wa baba haondoki na njaa. Msemaji wa chifu alikula sahani mbili, akasema hajapata kuonja chaza watamu namna ile. Aliyempakulia ni mimi.