Shimo Lililokataa Nguzo

Jumanne moja ya mwaka 1967, Mama Emérita alikuwa anapalilia maharage yake juu ya Nyamitaba alipowaona géomètre Polycarpe, mpima ardhi, na kibarua wake Sebahire wakipanda kilima. Sebahire alibeba mgongoni borne, nguzo ya simenti yenye pembe nne.

Chini ya shamba la mjane huyo, tajiri mmoja wa Goma alikuwa amenunua malisho ya ng'ombe. Mpaka wao ulikuwa muvumu mmoja, mti uliopandwa na baba mkwe wa Emérita. Wiki iliyotangulia watu wa tajiri waliung'oa. Likabaki shimo la duara, na kazi ya Polycarpe ilikuwa kutia nguzo humo, kuandika namba, na kwenda kula.

Nguzo haikuingia. Shimo lilikuwa pana kuliko karai, nguzo nyembamba kuliko paja, lakini ikifika mdomoni inakwama. Sebahire akapanua shimo. Wapi! Akachonga pembe za nguzo kwa patasi. Bure. Akatia jembe, likaingia. Akatia mguu wake, ukaingia mpaka gotini. Kuku wa Mama Emérita aliingia, akachakura, akatoka.

"Ile shimo inangojea muti yake," alisema Emérita. "Murudishe muti, Papa Géomètre."

"Mama, mu karatasi hakuna muti. Mu karatasi iko borne."

Karatasi ilikuwa na kanuni pia: shimo likikataa, pima hatua kumi, chimba lingine. Hatua kumi kwenda wapi, haikusema. Chini kulikuwa kwa tajiri, na huko Polycarpe hakutazama hata mara moja. Akapima kwenda juu.

Shimo la pili walilichimba la mraba, kwa rula. Walipoinua nguzo lilikuwa limeshakuwa duara, nalo likakataa. Mama Emérita alicheka mpaka akakaa chini. "Udongo unanitetea!" aliwaambia kuku. Kisha akatazama mistari ya maharage iliyobaki upande wa chini, upande wa tajiri, na kicheko kikamwisha.

Jumatano walichimba la tatu na la nne. Alhamisi la tano, katikati ya mihogo. Sebahire alitukana shimo, Polycarpe akamtukana Sebahire, na mashimo yote yakaendelea kuwa duara. Kwenye la sita Mama Emérita alipiga magoti, akaingiza kichwa na kupiga kelele.

"We! Unanilinda ao unanimaliza? Kubali, nakuomba! Kubali!"

Shimo halikukubali. Lilikuwa upande wa mama huyo, na hakuna aliyeweza kulitoa huko.

Ijumaa asubuhi hatua kumi ziliishia kwenye ua wake, kati ya jikoni na kaburi la mumewe, Séraphin. Sebahire akainua jembe. Mama Emérita akamshika mkono.

"Hapa hapana, kaka. Hatua zingine kumi zitapita juu ya Papa Séraphin. Kujeni."

Aliwaingiza jikoni, akaondoa sufuria, akang'oa figa moja kati ya matatu. Jiwe lilikuwa bado na moto, akalitupa nje kwa mikono mitupu. Chini yake palikuwa na kishimo kisichozidi kikombe. Akakiinamia na kusema taratibu, kama anamwamsha mtoto:

"Hapa njo ukubali. Nimechoka."

Nguzo iliingia yote, bila nyundo, kama mguu kwenye kiatu chake, ikabaki kichwa tu, kimo kimoja na mawe mengine. Polycarpe aliandika namba, akampa Mama Emérita karatasi aweke kidole gumba. Alimwambia kwamba sasa kila kitu kiko sawa, na kwamba mwenzake Sebahire hajala tangu jana.

Aliwapikia. Figa la simenti lilishika sufuria vizuri.

Mwezi ule ng'ombe wa tajiri walikula maharage na majani ya mihogo mpaka kwenye kizingiti cha jikoni. Maharage ya kula, Mama Emérita huyanunua sokoni Kitshanga. Yale mashimo sita bado yako wazi kule kilimani, mvua haiyajazi, na ng'ombe wanayazunguka. Akirudi kutoka sokoni huyapita yote, moja moja, na kikapu chake kichwani. Yeye hayasalimii.