Miaka Minne ya Mama Konseye

Jeneza lilikuwa litoke nyumbani saa nne, na mpaka saa mbili Wilfried alikuwa hajamaliza hata ukurasa mmoja. Halima alimwona kupitia mlango wa nyuma, kutoka mkekani alipokaa na wanawake: mwanaume mzima, amepita miaka thelathini, peke yake kwenye kiti cha plastiki, karatasi juu ya goti, kalamu mdomoni.

Mjini Kindu marehemu hatolewi nyumbani bila historiki yake kusomwa. Mtoto wake mkubwa husimama mbele ya watu, akataja kuzaliwa, masomo, ndoa, kazi, ugonjwa, mwaka baada ya mwaka, na watu husikiliza kwa makini sana, kwa sababu kila mmoja anangoja kusikia pale alipoingia yeye. Na marehemu Émilienne, mama yake Wilfried, alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mshauri wa wanafunzi miaka thelathini na mmoja, na mji mzima ulimwita Mama Konseye, hata wale wasiojua konseye anafanya kazi gani. Tangu juzi parseli yake, nyumba na uwanja, ilikuwa imejaa mpaka barabarani, na wenye pikipiki walikuwa wakizima injini mbali wakipita.

"Mimi alinitoa Kampene," Bibiche alikuwa akiwaambia wenzake pale mkekani. Alisoma kwa Mama Konseye zamani, sasa ni mama wa watoto sita. "Nilikimbia masomo, niko nauzia wachimbaji mandazi. Siku moja ninaona baiskeli inakuja, muntu yuko na matope mpaka ku magoti. Sikupata hata salamu. Ati, 'Bibiche, ile kazi yako ya jiografia bado hujanipa.'"

"Na weye ukamupa?"

"Nilimupa! Ningekatala, leo angetoka mule ndani anidai."

Wanawake walicheka, nyuso zimefichwa ndani ya vikwembe, kisha kicheko kikageuka kilio kama ilivyo msibani, na Halima akalia pamoja nao. Karibu na jeneza, mahali pa binti wa marehemu, alikaa Malaika, mtoto wa Halima. Émilienne hakuzaa binti. Tangu maiti iletwe, Malaika hakuwa ameondoka pale.

Jérémie, kaka wa marehemu, aliinama sikioni kwa Halima. Alikuwa amefika usiku kutoka Kalima.

"Dada Halima, muendee weye. Mie amenifukuza."

"Amesema nini?"

"Amesema atasoma mpaka mwaka wa tisini na nane, ataruka, aanze tena elfu mbili na tatu. Mbele ya watu wote. Dada yangu ataenda kaburini na miaka minne imetupwa. Na wakimuuliza, amesema atajibu: Ile miaka sikukuwa na mama."

Alishika goti, akainuka, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akaongeza sukari kama Wilfried alivyoipenda tangu utotoni, akatoka nayo. Miaka ile minne aliijua yeye kuliko mtu yeyote aliyebaki hai, na alikuwa ameinyamazia miaka ishirini na mitano.

"Kunywa."

"Mama Halima, kama mjomba njo amekutuma, rudi tu."

"Mjomba wako hawezi kunituma. Kunywa kwanza."

Alikunywa. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Alinipakia ku baiskeli ya mjomba kama mfuko wa chumvi. Nilikuwa na miaka tisa. Alisema anabaki na wanafunzi. Njia ikafungwa na vita, sikumuona tena mpaka nilipokuwa na kumi na tatu. Nilimupita urefu. Nikasoma, nikaoa, hakuniambia hata siku moja ni mwanafunzi gani alikuwa na bei kuliko mie. Na leo angalia pale, hata mahali pa mutoto wake iko muntu wa kando."

Halima alikaa chini, juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Ni huyo," alisema. "Mwanafunzi ni huyo. Na mie njo nilimuzuia mama yako."

Akamweleza. Mwaka ule wa tisini na tisa bwana yake Halima aliuawa na watu wa silaha kwenye njia ya shamba, na Malaika, miaka kumi na miwili, alikuwa nyuma yake na kikapu kichwani. Mtoto alirudi nyumbani mzima, lakini bila sauti. Miezi miwili hakutamka hata neno maji. Halima alimpeleka kwa walimu wa Kurani, akampeleka kwa wa maombi, akampeleka hospitali. Mwishowe akampeleka biro, ofisini kwa Émilienne.

Ile biro haikufanana na biro. Katikati palikuwa na beseni na fungu la majani ya muhogo, na mtoto aliyeingia aliambiwa tu: nisaidie sombe. Émilienne alinyofoa jani, mtoto akanyofoa jani. Hakuuliza kitu. Alikuwa akisema mtu anayetazamwa machoni anafunga mlango, ila mikono ikipata kazi yake mdomo unajisahau. Mavuno ya biro yalipikwa kwa wale wasiokuwa na chakula, bila chumvi, maana chumvi ilikuwa imekwisha mjini. Malaika alinyofoa majani wiki tatu. Wiki ya nne alisema, "Hili liko na mududu."

"Wiki ileile mjomba wako akafika kuwachukua," Halima alisema. "Wote wawili, weye na mama yako. Mama yako alikuwa amekwisha kufunga vitu. Nikaingia, nikashika nguo yake, huku chini. Nikamuambia, ukienda mutoto wangu atafunga kinywa tena. Nilipiga magoti, Wilfried. Nilijua niko naomba nini. Nilikuona pale mulangoni, na nikaomba vilevile."

Wilfried aliweka kikombe chini taratibu.

"Akasema utatangulia, yeye atafuata mwezi kesho. Mwezi kesho hakukukuwa njia. Akanikataza kukuambia, ati utamuchukia Malaika. Lakini yeye alikufa juzi, katazo limekwisha, na kweli mie niliogopa mwenyewe tu. Malaika ananisukuma kila mwaka nikuambie."

"Ulinipikia," Wilfried alisema. "Niliporudi, siku zote ulikuwa unanipikia."

"Ndiyo."

Ndani walianza wimbo, wakauacha.

"Siku ile, nilipoondoka. Alifanya nini?"

Halima alimpa vyote alivyokuwa navyo. Kwamba alivikwa mashati mawili, la buluu juu, ili mzigo upungue. Kwamba mama yake alishuka naye mpaka mtoni, akasimama mpaka pirogi iliyowavusha ilipogusa ng'ambo, akaendelea kusimama baiskeli ilipopotea, mpaka askari akamfukuza. Kwamba alirudi biro, akakaa mbele ya beseni, vidole vikakataa, na Malaika akanyofoa sehemu ya wote wawili. Halafu mtoto yule, ambaye mpaka siku ile alikuwa akitoa maneno mawili matatu, akauliza: "Mama, leo nani atamulalisha Wilfried?"

Wilfried aliinuka, akampa mgongo, akakaa hivyo na mkono ukutani. Halima hakumgusa. Aliona hana haki hiyo.

Saa nne Wilfried alisimama kando ya jeneza na karatasi yake. Alisoma kuzaliwa, masomo ya Bukavu, ndoa, kifo cha baba. Alifika tisini na nane, na Jérémie akafumba macho.

"Mwaka wa tisini na tisa," Wilfried alisoma, "mama alinituma Kalima, yeye akabaki. Nilimukasirikia mpaka leo asubuhi, na kidogo bado. Alibaki juu ya mutoto aliyepoteza sauti. Mutoto yule yuko hapa, amekaa mahali pake."

Malaika aliinamisha kichwa mpaka kwenye ubao wa jeneza.

Wilfried aligeuza karatasi. Upande wa pili haukuwa na neno.

"Elfu mbili, elfu mbili na moja, elfu mbili na mbili, sikukuwa hapa. Siwezi kusoma kitu nisichokiona. Mama Halima, simama uwaambie."

Halima alikuwa amesoma mpaka darasa la sita tu, na maishani hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi. Alisimama, akakaza kikwembe.

"Elfu mbili," alianza, "chaki ilikwisha. Akatukusanya sisi mama, tukakata muhogo mukavu vipande vidogo, hivi, kama kidole…"