Swala wa Saa Sita Mchana

Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya kununuliwa, kwamba kisa hiki hakina hata punje ya chumvi.

Palikuwa na mstaafu mmoja, watu wakimwita Mzee Chumvi kwa sababu ya wivu tu. Mpwa wake alikuwa mtafiti. Binti huyo alifunga kamera kwenye miti ya pori lililo nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa. Mnyama akipita, kamera inapiga picha yenyewe na kuandika saa. Alitaka kujua swala hula saa ngapi na hupumzika saa ngapi.

"Hula asubuhi na jioni, Mjomba," alisema mezani. "Jua la utosini huwakuta wamejilaza kivulini."

"Wapi! Saa sita mchana nimewaona kwa macho haya, wamepanga foleni mtoni, mkubwa wao anagawa zamu."

Mkewe akacheka mpaka akapaliwa. Ndipo wakawekeana sharti: kamera moja ifungwe bondeni, kwenye mto huo, iamue. Mzee akishindwa, hatasimulia kisa mpaka mvua zinyeshe. Mtu huyo ukimnyima chakula ataishi. Ukimnyima kisa, tafuta sanda.

Basi akaomba kamera hiyo akaifunge mwenyewe.

"Na saa yake utaiweka vizuri?"

"Ala! Bata anafundishwa kuogelea?"

Sasa, saa yake ya ukutani ilikuwa na mambo yake. Ikiwa saa mbili asubuhi, mshale mfupi uko kwenye mbili. Wenye saa zinazoonyesha nane aliwaonea huruma: "Mdomo unasema mbili, mshale unasema nane. Nani mwongo hapo?" Kamera nayo akaitegesha kwa saa hiyohiyo.

Kisha, kila siku saa sita mchana, alimchukua mbuzi wa mkewe, akampaka kiwi ya viatu, akamfunga miko miwili kichwani iwe pembe, akamvuta mbele ya kamera huku yeye amejibanza kichakani. Mbuzi aligoma, akala kichaka, akabaki Mzee amechutama peupe, bahati tu jicho la kamera halikumfikia.

Wiki ikaisha. Mpwa akafungua picha kwenye kompyuta, akashika tama.

"Mjomba, umeshinda. Swala wamejaa saa sita mchana. Wengine usiku wa manane! Sijui nitamwambia nini profesa wangu, kazi yote imeharibika."

Mzee akavimba kama andazi. Hakutegemea ushindi mnono hivyo.

"Anayekupinga ni huyu mmoja tu," binti akaendelea, "mwenye pembe za ajabu. Huyu kila siku anapita alfajiri."

Angenyamaza, angekula raha mpaka leo. Lakini kusalitiwa na mbuzi!

"Alfajiri ya wapi? Saa sita kamili, jua linanichoma kisogo, kamba imenichuna viganja!"

Binti akaacha picha, akamgeukia.

"Kamba gani, Mjomba?"

Mkewe akavaa miwani, akainamia picha. "Na miko yangu inatafuta nini kichwani mwa mbuzi?"

Mpwa akatazama picha, akatazama saa ya ukutani, akatazama picha tena. Akaruka kwa furaha. Kila picha akaiongezea saa sita: swala wa usiku wa manane wakarudi asubuhi, wa mchana wakarudi jioni, kazi yake ikapona. Mbuzi peke yake ndiye aliyebaki juani.

Mzee akafunga mdomo. Majirani walikuja kumtazama kama maiti. Lakini siku ya tatu mpwa alimkuta chumbani ameinamia karatasi.

"Unaandika nini?"

"Sharti lilisema kusimulia. Kuandika halikutaja."

Akamnyang'anya, akasoma. "'Kwa sababu ya wivu tu'? Mjomba!"

Haya, haya. Kalamu hii hapa, naitoa. Na miko ya mke wangu naiosha mimi, kiwi haitoki, na mawingu hata dalili sioni.