Hii Si Chuma, Baba

Nauza vifaa vya mabomba, kaunta ya kwanza kulia ukiingia dukani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nikikuona tu mlangoni najua kama umekuja kununua au kurudisha. Wanaorudisha huja na soketi ya plastiki, kile kiungio cha mabomba, iliyopasuka, wameifunga kwenye gazeti kama kidhibiti cha mahakamani, na kabla sijawasalimia wananiambia mali yetu ni mbovu. Mimi huutazama ule ufa, na mara moja naujua mkono uliokaza. Karibu wote ni mafundi wazuri waliojifunza kazi kwenye mabomba ya chuma.

Sasa fundi wa namna hiyo alikuwa bafuni kwetu, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na ni baba yangu mzazi.

Baba alifunga mabomba ya chuma kiwandani miaka thelathini na tano. Miezi mitatu nyuma aliteleza uani akibeba maji ya kuoga, akavunjika mguu, kwa sababu bafu letu la ndani halikuwa na maji tangu bomba la zamani lilipoliwa na kutu. Mguu uliunga, lakini kaka yangu mkubwa hakutulia. Yeye anaishi safari ya nusu siku kutoka kwetu. Akapiga simu: "Jumamosi saa sita nakuja. Nikikuta Baba bado anachota maji uani, naondoka naye."

Sikumlaumu. Hata mimi kila ndoo ilinitia hofu. Lakini nilitaka Baba abaki, na kusema kweli nilitaka hivyo kwa ajili yangu kama kwa ajili yake. Naye alitaka kubaki, ingawa asingekiri hilo mbele ya mwanawe hata kwa viboko.

Bomba jipya la plastiki lilikuwa limeshafika kutoka kwenye tanki, limetokeza ukutani na ncha yenye uzi, ile mitaro ya kuzungushia kama ya skrubu. Kilichobaki ni soketi ya kuingia juu ya ncha hiyo, na koki ya kuingia kwenye soketi. Alhamisi, nikiwa kazini, Baba akafunga mwenyewe. Akaviringisha nyuzi za katani kwenye ncha ya bomba kuzuia maji, akapaka rangi, akakaza kwa spana ndefu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Jioni sakafu ilikuwa kavu, akajisifu sana. Asubuhi bafu lilikuwa bwawa. Ijumaa akafunga soketi ya pili, akakaza zaidi, maana fundi wa chuma akiona maji anajua dawa moja tu. Hiyo haikufika hata chakula cha mchana.

Mimi nilijua tangu Alhamisi, na nilinyamaza. Dukani wananiogopa kwa mdomo wangu, lakini mbele ya spana ya Baba niligeuka bubu. Kosa hilo ni langu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulibaki na soketi moja. Dukani kipimo hicho kilikuwa kimekwisha, na mzigo ulikuwa unakuja Jumanne. Baba akanyoosha mkono kuchukua spana ndefu.

"Baba, samahani," nikasema. "Leo naomba nifunge mimi."

Hakugeuka. "Nimeanza kufunga mabomba wewe hujajua kutambaa."

"Kweli, Baba. Ya chuma."

"Bomba ni bomba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ulimi ukaniponyoka. "Lakini Baba, hapa guu lililovunjika ni la mkuu mwenyewe."

Nikajua nimevuka mpaka, nikatafuta pa kuweka uso wangu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira, kumbe anacheka, tena mpaka akajishika goti. Sikungoja amalize. Nikamwekea zile soketi mbili mbovu kiganjani.

"Pitisha kidole ndani. Ufa umeanzia mdomoni, umeshuka moja kwa moja. Chuma ukikikaza kinashikana. Plastiki inatanuka, inakunyamazia, halafu inakuja kupasuka wewe umeshanawa mikono. Kila wiki napokea kama hizi."

Akazipapasa kwa muda. "Hao wanaorudisha ni wazee kama mimi?"

"Ni mafundi kama wewe. Vijana wa siku hizi nguvu hiyo wataitoa wapi?"

Akanipisha. "Haya, mama, funga nikuone."

Nikausafisha uzi wa bomba mpaka mabaki ya katani na rangi yakaisha. Nikachukua tepu nyeupe nyembamba, nikaizungushia mara nne upande ule ule ambao soketi itazungukia, nikiivuta ikalale ndani ya mitaro ya uzi. Ukiizungusha kinyume, soketi itaivua yote. Kisha nikaanza kuiingiza soketi kwa majivuno ya mtu aliyewaelekeza wateja elfu moja.

"Simama," Baba akasema.

"Nini tena?"

"Umeipandisha kombo. Toa."

Nilitaka kubisha. Nilipoitoa, kweli, tepu ilikuwa imekatika upande mmoja na uzi umeanza kuchubuka. Nusu mzunguko zaidi, na ningeiua soketi ya mwisho kwa mikono yangu. Wateja elfu nimewaelekeza, lakini soketi nilizofunga mwenyewe maishani ni sifuri.

"Anza upya, usiogope," akasema, sasa kwa sauti ya taratibu. "Iweke sawa, halafu izungushe kinyumenyume kwanza. Polepole. Utaisikia inadondoka kidogo, pale mwanzo wa uzi huu unapokutana na mwanzo wa ule. Hapo ndipo uende mbele. Hilo halibadiliki, iwe chuma, iwe plastiki, iwe kifuniko cha chupa."

Nikabadilisha tepu, nikaizungusha soketi nyuma. Ikadondoka. Kidogo sana, lakini vidole vilisikia. Nikaenda mbele, ikapita laini, kwa mkono mpaka ikagoma, kisha mzunguko mmoja kwa spana ndogo. Nikaacha. Baba alikuwa ameuma mdomo, mkono wake wa kulia unakaza hewa.

"Bado inataka," akanong'ona.

"Haitaki, Baba. Unayetaka ni wewe."

Koki nikaifunga vivyo hivyo. Saa nne tukafungulia maji ya tanki, Baba akazungushia kila kiungo karatasi kavu, tukakaa kuilinda. Saa tano, kavu. Saa sita kasorobo, kavu.

Kaka alifika saa sita kamili. Akamkumbatia Baba, akaenda moja kwa moja bafuni, akatoa karatasi, akafungua koki mpaka mwisho, akaifunga, akainama.

"Si nilisema? Tone hili hapa."

Lilikuwepo kweli, limening'inia chini ya soketi. Kaka ni mtu wa vitendo, alikuwa ameshaokota spana ndefu. "Inataka kukazwa kidogo tu."

"Weka chini!"

Sikuwa nimemsikia Baba akipaza sauti namna ile tangu tukiwa watoto. Akaja na mkongojo wake, akamnyang'anya kaka spana. "Hii si chuma. Mbili nimezipasua mimi mwenyewe, muulize mdogo wako. Umefungua koki kwa fujo, maji yamerukia mpaka kwenye soketi. Futa, tuone kama litarudi."

Kaka akafuta. Tukasimama watatu kwenye bafu lile dogo, tunaitumbulia macho plastiki nyeupe. Tone halikurudi. Kaka akazungushia karatasi nyingine mwenyewe, akangoja, akaitoa kavu.

"Sawa, maji yapo," akasema. "Hongereni. Lakini Baba, gari liko nje, chumba kiko tayari, wajukuu wanakungoja. Twende tu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana wajukuu hawana mpinzani. Baba akachukua taulo, akatusogeza nje taratibu, akafunga mlango. Tukasikia koki ikifunguliwa, ndoo ikijaa, maji yakimwagwa, kisha ndoo ya pili, kisha ya tatu. Kaka akatazama saa yake. Robo saa ikapita, ikawa nusu.

"Baba," akaita, "unatoka saa ngapi?"

"Kama una haraka, tangulia, mwanangu," sauti ikajibu juu ya maji. "Wasalimie wajukuu, waambie waje kunitembelea. Mimi naoga nyumbani kwangu."