Jina la Mashine ya Opala

Georgette alikataa kuongeza neno moja kwenye ule mstari, na Alexis, fundi wa redio, akakasirika.

Ilikuwa mwaka 2000, katika ofisi ya shirika dogo la afya pale Makiso, wakati majeshi mawili ya kigeni yakitazamana kwa chuki mjini Kisangani. Georgette alikuwa ametengeneza programu ya kupeleka barua kwa njia ya redio kutoka zahanati ambako barabara zilikwisha kufa. Kifurushi cha programu hiyo kilibeba maelezo mafupi, na mstari mmoja ulitaja aina za kompyuta zinazofaa. Kompyuta isiyotajwa ilikataliwa na programu. Zahanati ya Opala ilikuwa na Macintosh kuukuu ya mapadri, na aina yake haikutajwa. Huko surua ilikuwa inaua watoto, na pirogi, mtumbwi wa kwenda huko, ilikuwa inaondoka kesho.

"Andika tu jina ya ile mashine," Alexis alisema. "Ikikataa, ikatae."

"Haitakataa. Itakubali, kisha itageuza hesabu. Dawa ya batoto kumi itasomeka ya mia. Siwezi andika kitu sijajaribisha."

Alexis akatoka bila kuaga. Alirudi alasiri akisukuma baiskeli ya toleka, ile ya kubebea abiria, na nyuma yake Macintosh ya aina ileile ya Opala imefungwa kwa mpira. Mlinzi wa kampuni moja ya mbao iliyofungwa, ng'ambo ya daraja la Tshopo, alikuwa amemwazima mashine hiyo kwa siri.

Jaribio la kwanza lilitoa tarakimu zilizopinduka. Georgette alirekebisha, akajaribu tena, akarekebisha. Jioni hesabu zilikaa sawa, naye akaandika lile neno, jina la aina ya mashine ile: powerpc. Alfajiri disketi iliondoka na pirogi, imefungwa ndani ya plastiki.

Alexis akafunga tena mashine kwenye baiskeli. Georgette alimsihi angoje, mji haukuwa na sura nzuri. Akajibu kwamba yule mlinzi angefukuzwa kazi mashine isiporudi.

Mizinga ilianza kulia kabla hajafika darajani. Ilipokuja kunyamaza, walimzika Alexis uani kwa mama yake, kwa kuwa makaburini hakukufikika.

Georgette aliendelea kuja ofisini, akiwasha redio kila asubuhi. Siku moja Opala ikaingia. Muuguzi wa kule, aitwaye Safi, alituma idadi ya wagonjwa, ya waliokufa, na ya chanjo zinazohitajika. Tarakimu zote zilisomeka. Chini aliongeza: "Mashine yetu imekubali. Tumushukuru nani?"

Georgette aliweka vidole juu ya vitufe. Mvua ilidondoka kupitia tobo la dari hadi ndani ya sufuria, na taa ya redio iliwaka na kuzima, ikisubiri.